Haki ya Kanda za Vipaji katika Futiboli ya Kiaustralia: Kutoka Mipaka ya Ardhi hadi Bei ya Zamu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua utaratibu wa kanda za vipaji katika ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kiaustralia na kutathmini haki yake. Vipindi viwili vinalinganishwa: kanda za vijijini za jimbo la Victoria (1968–1986), na akademia za klabu nne za kaskazini zilizoanzishwa mwaka 2010. Inajengwa hoja kwamba haki ya kanda haiwezi kuamuliwa kwa kutazama ramani peke yake. Kipimo kinachofaa zaidi ni bei ambayo klabu hulipa ili kumpata kijana wa kanda yake, pamoja na muda ambao upendeleo huo unadumu. Makala yanaonesha pia kwamba mijadala mingi kuhusu kanda hupima haki baina ya klabu na klabu, na kumwacha nje mchezaji mwenyewe, ambaye ndiye anayepangiwa mahali pa kufanya kazi.

1. Utangulizi

Futiboli ya Kiaustralia huchezwa katika uwanja wenye umbo la yai, kila timu ikiwa na wachezaji 18 uwanjani. Sheria zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Ligi kuu ya mchezo huo ilianza mwaka 1897 ikiwa ligi ya jimbo la Victoria yenye klabu 8. Ilipopanuka hadi majimbo mengine ilibadili jina mwaka 1990 na kuwa AFL, yaani Ligi ya Futiboli ya Australia. Leo ina klabu 18, na 10 kati ya hizo ziko Victoria.

Asili hiyo ya Victoria ndiyo chanzo cha tatizo linalojadiliwa hapa. Mchezo huu una mizizi mirefu katika majimbo ya kusini na magharibi. Katika majimbo ya New South Wales na Queensland, ambako kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021 waliishi takriban asilimia 52 ya Waaustralia wote, mchezo unaotawala ni raga. Mwaka 1978 mwanahistoria Ian Turner aliupa mgawanyiko huo jina la Mstari wa Barassi, akikumbuka jina la mchezaji na kocha mashuhuri Ron Barassi. Kaskazini ya mstari huo wa kufikirika, mtoto mwenye mbio na mikono mizuri huenda kwenye raga. Kusini yake, huenda kwenye futiboli.

Ligi inayotaka kuwa ya taifa zima haina budi kuwapata watoto wa pande zote mbili. Njia mojawapo iliyotumika ni kuigawa nchi katika kanda na kuipa klabu fulani haki ya kwanza juu ya vijana wa kanda fulani. Klabu zisizo na kanda ya namna hiyo hulalamika kwamba zinanyimwa wachezaji bora. Klabu zenye kanda hujibu kwamba zimewafundisha vijana hao kwa jasho lao, na kwamba bila ya juhudi hizo vijana hao wasingekuwa wachezaji wa futiboli kabisa. Lengo la makala haya ni kuonesha ni wapi kila hoja ina nguvu na ni wapi inapungukiwa.

2. Kiunzi cha Uchambuzi

Neno haki hutumika katika mijadala ya michezo kwa maana zisizofanana, na sehemu ya mabishano hutokana na mkanganyiko huo. Makala haya yanatenganisha maana tatu. Ya kwanza ni haki baina ya klabu: je, kila klabu ina nafasi inayokaribiana na ya wenzake ya kujenga timu ya ubingwa? Ya pili ni haki kwa maeneo: je, mtoto wa eneo ambalo mchezo haujakita mizizi anapata mafunzo na njia ya kufika juu? Ya tatu ni haki kwa mchezaji kama mfanyakazi: je, anaruhusiwa kuchagua mwajiri wake, na kama haruhusiwi, kizuizi hicho kina sababu ya kutosha?

Ili kupima haki baina ya klabu, makala yanatumia jaribio la kifikra la mwanafalsafa John Rawls, aliyelieleza kwa kina mwaka 1971. Kwa mujibu wa jaribio hilo, kanuni ni ya haki iwapo watu wangeikubali wakiwa nyuma ya pazia la kutojua, yaani kabla hawajajua nafasi watakayopewa katika jamii. Likihamishiwa hapa, swali linakuwa hivi: je, klabu zote zingekubali mgawanyo huu wa kanda kabla ya kujua ni kanda ipi itaangukia mikononi mwa nani?

Ili kupima athari za vizuizi vya kazi, inafaa kurejea hoja ya mwanauchumi Simon Rottenberg. Mwaka 1956, akichunguza soko la wachezaji wa besiboli nchini Marekani, alieleza kwamba kumfunga mchezaji kwa klabu moja hakubadili sana mahali anapoishia kucheza iwapo klabu zinaweza kuuziana haki hizo. Kinachobadilika ni nani anayepata fedha: mchezaji au klabu. Klabu za Australia kwa sehemu kubwa huendeshwa kwa misingi ya uanachama na hutafuta ushindi kuliko faida, kwa hiyo hoja hiyo haiwezi kuhamishwa moja kwa moja. Hata hivyo inatoa tahadhari muhimu, kwamba kila kanuni inayotetewa kwa jina la ulingano wa ushindani lazima iulizwe pia ni nani anayeigharimia.

3. Kanda za Vijijini za Victoria, 1968–1986

Kugawa wachezaji kwa makazi si jambo jipya katika ligi hii. Katika jiji la Melbourne utaratibu wa kanda za mitaa ulianza mwaka 1915, na mchezaji alitarajiwa kuichezea klabu ya mtaa anakoishi. Vijijini hapakuwa na mipaka. Klabu zenye fedha ziligombea vijana wa mashambani na miji midogo, na gharama za kuwashawishi zikapanda. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1960 jimbo zima la Victoria, pamoja na sehemu za mpakani za New South Wales, likagawanywa katika kanda 12, kila klabu ikipata moja.

Kwa sura ya nje utaratibu huo ulikuwa wa usawa kamili, kwa kuwa klabu zilikuwa 12 na kanda zilikuwa 12. Matokeo yake yanasimulia jambo tofauti. Kuanzia msimu wa 1968 hadi ule wa 1986 ubingwa ulishindaniwa mara 19. Carlton ilishinda mara 6, Hawthorn mara 5, Richmond mara 4, North Melbourne mara 2 na Essendon mara 2. Klabu nyingine saba hazikushinda hata mara moja.

Haitakuwa sahihi kuyahusisha matokeo hayo yote na kanda. Uwezo wa kifedha, ubora wa makocha na uongozi wa klabu vilikuwa na nafasi yake. Richmond ilikuwa bingwa mwaka 1967, kabla kanda hazijaanza kuzaa matunda. Collingwood ilifika fainali kuu mara kadhaa katika kipindi hicho na kushindwa, jambo linaloonesha kwamba kukosa ubingwa hakumaanishi kukosa wachezaji. Pamoja na tahadhari hizo, mfano wa Hawthorn unabaki kuwa wa kufundisha. Klabu hiyo ilipewa rasi ya Mornington, kusini-mashariki ya Melbourne, eneo ambalo jiji lilikuwa likitanuka kuelekea kwake. Kwenye karatasi lilikuwa eneo la vijijini. Kwa hali halisi lilikuwa likigeuka kuwa kitongoji chenye familia changa nyingi. Miongoni mwa waliotoka huko ni Dermott Brereton wa Frankston, mmoja wa nguzo za timu iliyotawala ligi katika miaka ya 1980. Wakati huohuo klabu zilizopewa maeneo ya kilimo ambayo vijana wake walikuwa wakihamia mijini ziliona hazina yao ikipungua mwaka hadi mwaka.

Hapa ndipo dosari ya msingi ya utaratibu ule inapojitokeza. Kanda ziligawanywa mara moja, na kwa sehemu kubwa zikabaki mikononi mwa klabu zilezile, ilhali watu hawakubaki walipokuwa. Zaidi ya hayo, klabu iliyopata kanda tajiri haikulipa chochote cha ziada kwa utajiri huo, wala iliyopata kanda maskini haikufidiwa. Nyuma ya pazia la kutojua, huenda klabu zingekubali kura ya awali ya kugawana kanda; ni vigumu kuamini kwamba zingekubali kura hiyo iwafunge kwa karibu miongo miwili bila marekebisho wala fidia.

4. Mahakama na Kuja kwa Uteuzi wa Kila Mwaka

Mabadiliko yalichochewa na mchezaji kuliko na klabu. Mwaka 1982 klabu ya South Melbourne, ikiwa imelemewa na madeni, ilihamishiwa Sydney. Kijana Silvio Foschini hakutaka kuhama nayo. Alitaka kuichezea St Kilda iliyobaki Melbourne. Kanuni za ligi hazikumruhusu bila idhini ya klabu yake. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Victoria, na mwaka 1983 mahakama iliamua kwamba kanuni zilizomfunga zilikuwa kizuizi kisicho na sababu ya kutosha juu ya haki ya mtu kufanya kazi yake.

Hukumu hiyo ilitikisa msingi wa mfumo mzima. Kama idhini ya kuhama haikuwa na nguvu ya kisheria, basi haki ya klabu juu ya kijana kwa sababu tu ya mahali alipozaliwa nayo ilikuwa mashakani. Katikati ya miaka ya 1980 ligi ikajenga mfumo wenye nguzo mbili zinazosimama hadi leo. Nguzo ya kwanza ni ukomo wa mishahara, ili klabu tajiri isiweze kununua kila nyota. Ya pili ni uteuzi wa wachezaji chipukizi wa kila mwaka, ulioanza mwaka 1986. Katika uteuzi huo klabu huchagua kwa zamu, na klabu iliyoshika mkia katika msimu uliopita huchagua kwanza.

Uteuzi uliondoa bahati ya ardhi na kuweka mahali pake kigezo cha uhitaji: aliye dhaifu apewe kwanza. Kwa mtazamo wa Rawls hatua hiyo ni rahisi kuitetea, kwa kuwa hakuna klabu ijuayo kama kesho itakuwa juu au chini. Lakini uteuzi haukumrudishia mchezaji uhuru wake. Ulibadili tu namna ya kumpangia mwajiri. Na tangu mwanzo haukuwa mfumo safi, kwa sababu uliendelea kuishi pamoja na kanuni ya baba na mwana, inayoiruhusu klabu kumchukua mtoto wa mchezaji wake wa zamani.

5. Kurejea kwa Kanda: Akademia za Kaskazini

Kanda zilirejea kwa sura mpya mwaka 2010. Ligi ilikuwa ikijiandaa kuongeza klabu mbili katika maeneo ya raga: Gold Coast huko Queensland, iliyoanza kushiriki mwaka 2011, na Greater Western Sydney, iliyoanza mwaka 2012. Hizi ziliungana na Sydney na Brisbane, zikawa klabu nne kaskazini ya Mstari wa Barassi. Kila moja ilipewa eneo la kuendesha akademia: kuwatafuta watoto wenye vipaji, kuwafundisha kwa miaka kadhaa na kuwashindanisha. Kijana wa akademia akifikia umri wa kuteuliwa, klabu iliyomlea ina haki ya kwanza ya kumchukua.

Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Kwanza, klabu za kaskazini huwategemea vijana waliotoka kusini, na wengi wao baada ya miaka michache hutamani kurudi makwao. Klabu inayofunza mchezaji kisha ikampoteza hugeuka kuwa shule ya wapinzani wake. Pili, bila mafunzo ya makusudi vijana wa kaskazini wangeendelea kwenda kwenye raga, na ligi nzima ingepata hasara.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi, na inahitaji kuchunguzwa kwa makini kwa kuwa inadai kwamba akademia huzalisha vipaji badala ya kugawa tu vilivyopo. Dai hilo lina uzito usiolingana kutoka eneo moja hadi jingine. Isaac Heeney alikulia upande wa Newcastle, New South Wales, ambako raga ndiyo mchezo wa nyumbani. Ni hoja ya maana kusema kwamba bila akademia ya Sydney njia yake ingeweza kuwa tofauti, na kwamba klabu nyingine zisingepata hata fursa ya kumgombea.

Hali ni tofauti katika eneo la Riverina, kusini mwa New South Wales, lililowekwa chini ya akademia ya Greater Western Sydney. Kiutawala Riverina iko katika jimbo la raga, lakini kimichezo iko juu ya Mstari wa Barassi wenyewe, na futiboli imechezwa huko kwa vizazi. Wayne Carey na Paul Kelly, waliokuja kuwa manahodha mashuhuri wa North Melbourne na Sydney, walitoka Wagga Wagga. Ndugu wanne wa familia ya Daniher walitoka kijiji cha Ungarie. Wote hao walifika ligi kuu kabla akademia hazijabuniwa. Katika uteuzi wa mwaka 2015 Greater Western Sydney iliwapata vijana watatu wa akademia yake ndani ya zamu 16 za kwanza: Jacob Hopper wa Leeton katika zamu ya 7, Matthew Kennedy katika ya 13 na Harrison Himmelberg katika ya 16. Malalamiko ya klabu za Victoria yalikuwa na msingi hapa kuliko penginepo. Mpaka wa jimbo ulitumika kama kwamba ndio mpaka wa mchezo, na klabu ikapata upendeleo wa eneo changa katika eneo lililokomaa.

Inafuata kwamba swali la kuuliza juu ya kila kanda ni hili: ni wachezaji wangapi wangetoka hapo hata kama akademia isingekuwapo? Kadiri idadi hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo haki ya upendeleo inavyopungua.

6. Bei ya Zamu

Hata kanda iliyochorwa vizuri inaweza kuleta dhuluma iwapo bei ya kumchukua kijana ni ndogo mno. Katika miaka ya mwanzo ya akademia, klabu nyingine ilikuwa na ruhusa ya kutaja dau, yaani kutangaza zamu ambayo ingemchagua kijana husika. Klabu iliyomlea ililifikia dau hilo kwa kutoa tu zamu yake iliyofuata. Mwaka 2014 Melbourne ilitangaza kwamba ingemchukua Heeney kwa zamu ya 2. Sydney, iliyokuwa imefika fainali kuu mwaka huo, ilimpata kwa zamu ya 18.

Mwaka 2015 ligi ilianzisha jedwali la thamani. Kila zamu ilipewa alama: ya 1 alama 3,000, ya 2 alama 2,517, ya 3 alama 2,234, ya 18 alama 985, na kuendelea kushuka hadi zamu ya 73. Klabu inayotaka kulifikia dau ilitakiwa kutoa zamu zenye jumla ya alama zinazolingana na zamu iliyotajwa, baada ya punguzo la asilimia 20 kwa madau ya mzunguko wa kwanza. Kwa kipimo hicho Heeney angegharimu alama 2,014. Zamu ya 18 iliyotumika mwaka uliotangulia ilikuwa na thamani ya alama 985, chini ya nusu ya bei hiyo. Kwa hiyo jedwali lilikuwa marekebisho ya kweli.

Hata hivyo jedwali lilikuwa na mwanya. Mwaka huohuo wa 2015 Melbourne ilitaja dau la zamu ya 3 kwa Callum Mills, kijana mwingine wa akademia ya Sydney. Bei baada ya punguzo ilikuwa alama 1,787. Katika jedwali lile, zamu ya 30 ilikuwa na alama 629, ya 31 alama 606 na ya 32 alama 584, jumla alama 1,819. Maana yake ni kwamba klabu yoyote yenye zamu hizo tatu za katikati ya orodha ingeweza kulipia mchezaji wa zamu ya 3 na kubaki na chenji. Ni vigumu kuona klabu yenye zamu ya 3 ikikubali kuibadilisha kwa hiari yake na zamu hizo tatu. Pale ambapo jedwali linasema vitu viwili ni sawa na soko haliwezi kukubali, jedwali ndilo lenye kosa.

Klabu zilijifunza haraka kuutumia mwanya huo. Kabla ya uteuzi wa mwaka 2023 Gold Coast ilibadilisha zamu ya 4 kwa zamu kadhaa za chini, kisha ikawapata vijana wanne wa akademia yake: Jed Walter katika zamu ya 3, Ethan Read katika ya 9, Jake Rogers katika ya 14 na Will Graham katika ya 26. Kwa hakika klabu hiyo ilihitaji msaada, kwani tangu mwaka 2011 haikuwa imefika hatua ya mtoano hata mara moja. Ilifika kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Lakini kanuni iliyoisaidia haikuuliza kama mpokeaji ni dhaifu au ni mwenye nguvu. Ingetoa punguzo lilelile kwa klabu iliyokuwa ikielekea fainali kuu.

Kuanzia uteuzi wa mwaka 2025 ligi ilishusha punguzo hadi asilimia 10 na kupunguza zamu zenye alama kutoka 73 hadi 54, ili zamu za mwisho zisiwe tena sarafu ya kununulia za mwanzo. Uzito wa badiliko la punguzo peke yake unaonekana kwa kurudia hesabu ya Mills: kwa asilimia 10, bei kwa jedwali la zamani ingekuwa alama 2,011, na zamu tatu zilizotajwa juu zisingetosha.

7. Upendeleo Usiotegemea Ramani

Akademia za kaskazini hukosolewa kama kwamba ndizo njia pekee ya kukwepa uteuzi, lakini sivyo. Kanuni ya baba na mwana inatumia bei ileile, nayo haina hoja ya kukuza mchezo katika eneo jipya. Inatetewa kwa hisia za mashabiki na historia ya klabu. Nick Daicos aliingia Collingwood kwa njia hiyo mwaka 2021 katika zamu ya 4. Brisbane ilimpata Will Ashcroft mwaka 2022 katika zamu ya 2, na mwaka 2024, ikiwa ndiyo kwanza imetwaa ubingwa, ikampata mdogo wake Levi katika zamu ya 5. Klabu kongwe zina akina baba wengi; klabu zilizoanza mwaka 2011 na 2012 hazina karibu yeyote mwenye mtoto aliyefikia umri. Anayeipinga kanda kwa kuwa ni bahati ya ardhi hana budi kueleza kwa nini bahati ya damu inafaa.

Njia ya tatu ni akademia za kizazi kijacho, zilizoanzishwa mwaka 2016 kwa klabu zisizo za kaskazini. Zinalenga vijana wa wenyeji asilia wa Australia na wa familia za wahamiaji, zikiwemo za kutoka Afrika. Lengo lake ni la kupongezwa, lakini kanuni zake zimeyumba. Mwaka 2020 Adelaide, iliyoshika mkia, ilimtaja Jamarra Ugle-Hagan kwa zamu ya 1. Western Bulldogs, iliyokuwa imefika hatua ya mtoano, ikalifikia dau na kumchukua. Mwaka uliofuata ligi ilipiga marufuku kulifikia dau lolote la akademia hizo ndani ya zamu 20 za kwanza. Mac Andrew, kijana wa familia ya Sudan Kusini aliyezaliwa Misri na kulelewa katika akademia ya Melbourne, akachukuliwa na Gold Coast katika zamu ya 5 bila klabu iliyomlea kuwa na la kufanya. Mwaka 2022 marufuku ilipanuliwa hadi zamu ya 40, na mwaka 2024 ikaondolewa. Kijana mmoja na mwenzake, wakiwa katika programu ya aina moja, walipata hatima mbili kwa sababu ya tofauti ya mwaka mmoja wa kuzaliwa. Kanuni inayobadilika hivyo haiwapi wazazi wala makocha msingi wa kupanga lolote.

8. Mchezaji Katika Mizani

Katika mabishano yote yaliyoelezwa hapo juu, klabu zinasema na klabu zinajibu. Kijana wa miaka 18 hana kauli. Akiwa nje ya akademia, uteuzi unaweza kumpeleka upande wa pili wa bara. Akiwa ndani yake, haki ya klabu ya nyumbani inaweza kumbakiza karibu na familia, na kwa wengi hilo ni jambo jema. Bado si yeye aliyelichagua. Uhuru wa kuhama bila ridhaa ya klabu uliletwa mwaka 2012, nao kwa kawaida huanza baada ya misimu 8, muda ambao wachezaji wengi hawaufikii kabisa.

Hukumu ya mwaka 1983 haikusema kwamba kila kizuizi ni batili. Ilitaka kizuizi kiwe na sababu ya kutosha. Kwa kigezo hicho kanda ya akademia ina utetezi mzuri pale tu inapompa kijana kitu ambacho asingekipata kwingine: mafunzo, safari, lishe, uangalizi wa kitabibu na njia ya kuingia kazini. Pale ambapo angeyapata yote hayo bila ya akademia, kizuizi kinabaki bila malipo, na anayefaidika ni klabu peke yake.

9. Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kwamba kanda za 1968–1986 zilishindwa kwa sababu zilitoa hazina zisizolingana, bila malipo na bila kikomo cha muda. Akademia za kaskazini zinatofautiana nazo kwa kuwa zina lengo linaloelezeka na bei inayolipwa, ingawa bei hiyo kwa miaka mingi ilikuwa chini ya thamani halisi. Marekebisho ya mwaka 2025 yameikaribia haki zaidi kuliko ambavyo mabishano kuhusu mipaka yangeweza kufanya.

Yanajitokeza mapendekezo matatu. Kwanza, punguzo lihusishwe na hali ya eneo na lipungue kadiri eneo linavyokomaa. Riverina na Newcastle hazistahili kutozwa bei moja. Pili, nafasi ya klabu katika msimamo iingie katika hesabu, ili bingwa asipate punguzo sawa na aliyeshika mkia. Tatu, kanuni ya baba na mwana ipimwe kwa mizani ileile inayotumika kwa akademia. Suala hili litazidi kuwa na uzito klabu ya Tasmania itakapojiunga na ligi mwaka 2028, kwa sababu Tasmania, tofauti na Queensland, ni kisiwa ambacho futiboli imekita mizizi kwa zaidi ya karne. Klabu hiyo mpya itahitaji msaada kama kila klabu changa. Ligi ikiipa upendeleo juu ya vijana wa kisiwa hicho, itabidi ieleze wazi ni kwa bei gani na kwa miaka mingapi.